Jozi Tano za Miwani na Kurasa 263 za Mvua

KIKUNDI CHA WASOMAJI WA VITABU VYA MVUA, WIRRABEEN

Kumbukumbu za kikao cha tisa cha mwaka, kilichofanyika Alhamisi, tarehe 16 Novemba 2023, katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mji, kuanzia saa nne na dakika kumi asubuhi.

WALIOHUDHURIA
Bw. Colin Treloar, Mwenyekiti
Bi. Una Pasfield, Katibu
Bi. Dulcie Hanrahan, Mjumbe
Bw. Con Manolakis, Mjumbe
Bi. Noreen Bates (Shangazi Noreen), Mjumbe

ALIYEALIKWA
Bi. Anjali Raman, mtaalamu wa macho

ALIYEKOSEKANA KWA UDHURU
Bw. Ralph Eastaugh, Mjumbe (amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, fomu yake ya miwani aliituma)

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao dakika kumi baada ya muda uliopangwa. Alieleza kwamba lango la kondoo wake lilikuwa limeachwa wazi na mtu asiyemjua. Bw. Manolakis alisema kila mwezi kuna lango. Mwenyekiti aliomba hilo lisiandikwe.

Joto lilikuwa digrii thelathini na nane na feni ni moja. Ilikubaliwa igeuzwe kuelekea kwa mgeni.

Katibu anaomba radhi kwamba kumbukumbu hizi ni ndefu kuliko kawaida, na kwamba maneno ya wajumbe yameandikwa kama yalivyosemwa. Zimeandikwa kwa siku nne, kwa herufi zenye ukubwa wa kiberiti, maneno matatu kwenye skrini kwa wakati mmoja. Katibu hatarajii kuandika nyingine.

KUMB. NA. 2/9: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Mwenyekiti alikumbusha kwamba Mhandisi wa Halmashauri, Bw. Damian Fouracre, anasubiri jedwali la mvua la shamba la kondoo la Narrawin, miaka ya 1948 hadi 1963, ifikapo Jumatatu. Halmashauri inajenga jengo jipya la Nyumba ya Wazee ukingoni mwa kijito, vyumba kumi na viwili vya watu wasioweza kuinuka kitandani wenyewe. Kimo cha sakafu kitapangwa kwa mvua hizo, kwa kuwa kijito kinaanzia Narrawin. Rasimu alishapelekewa mwezi Agosti ili aone sura yake.

Bi. Hanrahan aliuliza kama kurasa zote zimesomwa na watu wawili. Desturi ya kikundi ni kwamba picha ya kila ukurasa wa vitabu vya zamani vya mvua vya mashamba husomwa na watu wawili wasioonana, na namba zao zikilingana ndipo huingizwa kwenye jedwali.

Mwenyekiti alijibu kwamba zote zimesomwa na wawili isipokuwa kurasa za Katibu, ambazo hazihitaji msomaji wa pili kwa uamuzi wa Julai 2021. Alisema Katibu alifundisha hisabati katika sekondari ya mji huu kwa miaka thelathini na nane, yeye Mwenyekiti akiwa mmoja wa wanafunzi wake, na hajawahi kumwona amekosea namba.

Bi. Hanrahan aliomba ikumbukwe kwamba aliupinga uamuzi huo.

Mwenyekiti: "Kura zilikuwa tano kwa moja, Dulcie."

Bi. Hanrahan: "Na huyo mmoja bado yuko hai, Colin."

Hoja iliahirishwa hadi jedwali litakapojadiliwa.

KUMB. NA. 3/9: KUCHAGUA MIWANI YA KUSOMEA KWENYE KOMPYUTA

3.1 Katibu alikumbusha kwamba hoja hii aliileta yeye mwenyewe mwezi Mei, alipolalamika kwamba mwanga wa buluu wa skrini unamuumiza macho. Kabla ya hapo hakuna mjumbe aliyewahi kulalamika. Bw. Manolakis alithibitisha: "Macho yangu hayakuwa yanauma mpaka Una aliposema yake yanauma. Nikarudi nyumbani nikayasikilizia, kumbe na yangu yanauma bwana!" Tangu wakati huo hoja imekaa vikao vitano.

3.2 Bi. Raman, ambaye huja mjini kila mwezi kupima macho, alieleza kwamba mwanga wa buluu unaonewa. Ushahidi kwamba ule wa skrini huharibu jicho ni mdogo sana. Kinachowachosha wasomaji ni kwamba mtu akikodolea skrini husahau kupepesa, macho yakakauka. Na kwamba wengi huivalia kompyuta miwani ya kusomea kitabu, ilhali skrini iko mbali zaidi kuliko kitabu na inataka kioo chenye nguvu ndogo. Alipima kwa utepe wa fundi cherehani umbali kutoka pua ya kila mjumbe hadi skrini yake. Wengi walikuwa kati ya sentimita sitini na sabini. Mwenyekiti alikuwa thelathini na nane.

"Bwana Treloar," alisema Bi. Raman, "wewe hiyo skrini huisomi, unainusa."

Bi. Hanrahan aliuliza kama basi kioo cha kuchuja buluu hakina kazi. Bi. Raman alijibu kwamba anayeona nafuu avae, hakimdhuru, ila asitegemee kioo kimpumzikie. Kila dakika ishirini inua macho utazame mbali. Bw. Manolakis alisema dirishani hakuna cha kutazama ila ghala la ngano. Bi. Raman alisema ghala linatosha.

3.3 Wajumbe walikuwa wamejaribu jozi tatu kwa wiki tatu, na kila mmoja alijaza fomu. Jozi A ina kioo cha njano na fremu nene nyeusi. Jozi B ina kioo karibu cheupe, fremu nyepesi, na vishikio vinavyojipinda kufuata sikio. Jozi C ni zile nyembamba za kukaa nusu ya pua.

Katibu alimwomba Bi. Hanrahan asome fomu kwa niaba yake, akisema koo lake limekauka. Koo la Katibu halikuwa na tatizo lolote.

Kuhusu Jozi C, wajumbe wanne waliandika kwamba inaacha alama nyekundu puani. Shangazi Noreen alieleza kwamba ameikalia. "Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mara ya pili sikuomba msamaha."

Kuhusu Jozi B, wajumbe waliandika kwamba mtu husahau ameivaa. Bw. Eastaugh aliivaa hadi kanisani na akakaa nayo ibada nzima.

Kuhusu Jozi A, Bw. Manolakis na Mwenyekiti waliisifu sana. Bw. Manolakis alisema ukiivaa ni kama mtu amekuwekea mkono kwenye paji la uso. Mwenyekiti alipendekeza Jozi A ichaguliwe.

3.4 Shangazi Noreen alipinga. Alikumbusha kwamba katika vitabu vya Narrawin mvua ya kila siku imeandikwa kwa penseli nyeusi, na ile iliyojikusanya siku kadhaa kabla haijapimwa imeandikwa kwa penseli ya buluu. Kwa kioo cha njano buluu inageuka nyeusi. Msomaji ataichukua mvua ya siku tano na kuiweka siku moja.

Bw. Manolakis: "Kweli. Hata mimi niliandika hivyo kwenye fomu. Lakini inatuliza, Shangazi."

Shangazi Noreen: "Hata usingizi unatuliza, Con. Hatusomi tukiwa tumelala."

3.5 Bi. Hanrahan alirudia kusoma majibu ya swali la rangi kwa Jozi A. Wajumbe watano waliandika, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba buluu haitofautiki na nyeusi. Fomu ya sita ilikuwa ya Katibu. Ilisema: "Buluu inaonekana wazi kabisa."

Bi. Hanrahan aliuliza hilo linawezekanaje.

Mwenyekiti alisema Mwalimu ana macho ya tai.

Bi. Hanrahan: "Colin, hata tai ukimvalisha kioo cha njano ataona njano. Una, ulijaribu kweli hii miwani?"

Bi. Raman alikuwa anatazama meza. Anajua jibu tangu Machi mwaka jana, na maadili ya kazi yake hayamruhusu kulisema. Katibu anamshukuru kwa kutazama meza.

KUMB. NA. 4/9: MAELEZO YA KATIBU (nje ya ajenda)

4.1 Katibu alisema kwamba alikuwa amekusudia kuomba dakika mbili jedwali likijadiliwa, lakini kwa kuwa swali limeulizwa atalijibu sasa.

Katibu alieleza kwamba haoni.

Katikati ya kila anachokitazama kuna doa la kijivu. Anaona fremu ya mlango, haoni uso wa anayeingia. Wajumbe anawajua kwa hatua zao, na Mwenyekiti kwa kikohozi. Aliambiwa na Bi. Raman mwezi Machi 2022 kwamba doa hilo halitaondoka, na kwamba hakuna miwani ya kulitibu. Hakumwambia mtu. Mwezi Mei mwaka huu Bi. Hanrahan alimkuta ameinamia skrini anafuta machozi, akamuuliza ana nini. Katibu alisema ni mwanga wa buluu. Alikuwa amesikia habari zake redioni asubuhi ile, na ndilo neno lililokuwa karibu. Vikao vitano vya miwani vimetokana na neno hilo. Jozi zote tatu kwake ni sawa. Fomu yake aliijaza kwa kufuata alichomsikia Bw. Manolakis akisifia.

4.2 Bw. Manolakis aliuliza: "Sasa kurasa ulikuwa unazisomaje?"

Katibu alieleza kwamba alikuwa hazisomi. Tangu Machi 2022 amejaza kurasa 263 kwa njia ifuatayo. Alifungua jedwali la shamba jirani lililokwisha kusomwa na wengine, akakuza namba mpaka moja ikajaa skrini nzima, akazisoma kwa pembe ya jicho, jambo lisilowezekana kwa penseli iliyofifia. Kisha akaandika kwa shamba lake namba zinazokaribiana na hizo, akiongeza hapa na kupunguza pale. Kompyuta hupiga kelele namba ikitofautiana sana na za majirani, kwa hiyo haikuwahi kupiga kelele kwa namba za Katibu. Ndiyo maana kila mwaka ilisemwa kwamba kurasa zake ni safi kuliko za wote.

Katibu aliongeza jambo ambalo wajumbe wanalijua, ila alitaka liandikwe. Mvua ya kiangazi huku hunyesha upande mmoja wa uzio na kuuacha mwingine mkavu. Dhoruba inayofurisha kijito ndiyo ile isiyofanana na ya jirani. Kwa hiyo alichokifuta ni kile hasa Mhandisi anachokitafuta.

4.3 Mwenyekiti alisema: "Mwalimu, usiseme hivyo. Umechoka tu, na joto hili."

Katibu: "Nimechoka, Colin. Lakini sikukisia kwa sababu ya uchovu."

Mwenyekiti alisema kwamba mwaka 1967 Katibu alimpa sifuri kwa kunakili hesabu kwa jirani yake, Ralph Eastaugh, na kumsimamisha mbele ya darasa. Alisema hayo kwa sauti ambayo Katibu hawezi kuieleza.

Katibu alikiri kwamba anakumbuka, na kwamba Ralph naye alikuwa amekosea.

Hakuna aliyecheka ila Bw. Manolakis, akaomba radhi.

4.4 Shangazi Noreen aliuliza kurasa zenyewe ni za wapi. Katibu alijibu kwamba sabini na mbili ni za Narrawin, Januari 1953 hadi Desemba 1958.

Shangazi Noreen alisema kwamba namba za miaka hiyo ziliandikwa na baba yake, mzee Amos Bates, ingawa jalada lina jina la meneja. Katibu alikuwa anajua.

"Baba alikuwa anatoka saa tatu kila asubuhi, liwe jua iwe mvua," alisema Shangazi Noreen. "Mimi nilikuwa nabeba kitabu, yeye anabeba penseli. Wenye shamba wakimtuma kuchunga mbali, akirudi anapima yote kwa pamoja, anaandika kwa buluu. Hiyo buluu maana yake: sikuwepo. Mtu ambaye hakuruhusiwa kula mezani kwao, Una, hakuwadanganya hata siku moja kwenye kitabu chao. Na mimi ndiye niliyeomba Narrawin apewe Una. Nilisema apewe msomaji bora. Kumbuka, nilisimama hapo mlangoni."



4.5 Bi. Hanrahan, ambaye alikuwa muuguzi, aliuliza kwa nini Katibu hakuacha kazi hii alipoambiwa habari ya macho.

Katibu alisema kwamba Jumanne na Alhamisi ndizo siku mbili za wiki alizokuwa na mahali pa kwenda. Alisema pia kwamba kila wiki aliahidi kusema wiki inayofuata, na kwamba mtu akishazoea kusifiwa kwa usahihi ni vigumu kurudi nyuma. Hakutoa sababu hizi kama utetezi.

Mwenyekiti: "Na kwa nini leo?"

Katibu: "Daktari wa moyo amenipa mpaka majira ya baridi, naye si mtu wa kukisia. Nikifa mtaandika jina langu kwenye jedwali, na namba zitakaa hapo kwa heshima ya jina. Nani atasoma upya kurasa za marehemu?"

Bw. Manolakis: "Hakuna. Tungekuwekea na kibao ukutani."

Katibu: "Na Jumatatu mnazipeleka. Kuna watu watalala kwenye vyumba vile, Con. Ralph ameshajiandikisha."

KUMB. NA. 5/9: KUSOMA UPYA UKURASA MMOJA

5.1 Bi. Hanrahan alipendekeza kwamba kikundi kisihukumu kwa maneno, bali ukurasa mmoja usomwe upya papo hapo na watu wawili kama desturi ilivyo. Mwenyekiti alipinga, akisema ni kumdhalilisha mtu mzima. Katibu aliunga mkono pendekezo la Bi. Hanrahan. Shangazi Noreen alichagua ukurasa: Narrawin, Machi 1956, mwaka ambao kijito kilifurika.

Bi. Hanrahan na Bw. Manolakis waliketi kwenye kompyuta mbili wakiwa wamepeana migongo, wote wamevaa Jozi B. Ilichukua dakika thelathini na tano. Shangazi Noreen alichemsha chai. Alipofika kwa Katibu aliuchukua mkono wake, akauweka kwenye kishikio cha kikombe, akasema, "Ni ya moto," kisha akaenda kukaa upande wa pili wa meza.

5.2 Matokeo yalisomwa na Bi. Hanrahan. Kati ya mistari thelathini na mmoja, wasomaji wawili walilingana katika ishirini na tisa, na miwili iliyobaki walikubaliana baada ya kuikuza. Ikilinganishwa na ukurasa wa Katibu, mistari kumi na miwili ilikuwa na makosa. Mingi ilikuwa midogo.

Mstari wa tarehe tisa ulikuwa kama ifuatavyo. Shamba jirani siku hiyo lilipata pointi 110, ambazo ni zaidi kidogo ya inchi moja. Katibu aliandika 117. Kitabuni imeandikwa 417.

Bw. Manolakis alisema kuna maneno pia pembeni, madogo. Aliulizwa yanasemaje. Alisoma: "Kijito kimevuka uzio wa juu. Nimewahamisha kondoo. A.B."

Katibu hakujua kama kulikuwa na maneno.

Mwenyekiti aliinuka akaenda kusimama karibu na feni kwa muda. Shangazi Noreen aliomba kuona ukurasa, akakaa mbele ya skrini ya Bw. Manolakis bila miwani.

5.3 Iliamuliwa:

(a) Kurasa zote 263 zisomwe upya na watu wawili, kuanzia za Narrawin. Hadi hapo zipakwe rangi katika jedwali ili asiwepo wa kuzitumia. Bw. Manolakis aliuliza rangi gani, kisha akasema asijibiwe, amejijibu.

(b) Uamuzi wa Julai 2021 ufutwe. Bi. Hanrahan aliomba liandikwe jina la aliyeupendekeza. Mwenyekiti alisema ulikuwa uamuzi wa kikundi. Bi. Hanrahan alisema hakuuliza ni wa nani, ameuliza nani aliupendekeza. Kisha Mwenyekiti alisema: "Andika Treloar. Andika na kwamba mwalimu wangu aliniamini nikamwamini, na kwamba hiyo siyo njia ya kusoma kitabu." Imeandikwa.

(c) Katibu aondolewe kwenye orodha ya wasomaji. Hoja ililetwa na Katibu. Hakuna aliyeiunga mkono, mpaka Shangazi Noreen aliposema: "Naunga mkono mimi, maana nyie wengine mtakaa hapa mpaka kondoo waote meno mapya." Ilipita kwa kura nne. Mwenyekiti hakupiga kura.

KUMB. NA. 6/9: SIMU KWA MHANDISI

6.1 Mwenyekiti alijitolea kumpigia Bw. Fouracre na kumwambia kwamba kumetokea hitilafu ya kompyuta. Katibu alisema kompyuta haikufanya kosa lolote isipokuwa kumwamini. Aliomba apewe simu. Bi. Hanrahan alimbonyezea namba na sauti ikawekwa wazi ili wote wasikie.

Bw. Fouracre: "Bi. Pasfield! Msiniambie mmemaliza mapema. Nitaamini kuna Mungu."

Katibu alisema hawajamaliza, na kwamba namba za Narrawin za rasimu ya Agosti asizitumie.

Bw. Fouracre alisema ameshazitumia. Kimo cha sakafu kilipitishwa wiki iliyopita, vigingi vimeshapigwa, na zege linamwagwa Jumanne. Jedwali la Jumatatu lilikuwa la kuweka kwenye faili tu.

Hakuna mjumbe aliyekuwa anajua hilo.

Bw. Fouracre: "Zimekosewa kiasi gani?"

Katibu: "Sijui. Tumesoma ukurasa mmoja tu. Kuna siku moja iliyopunguzwa inchi tatu."

Bw. Fouracre: "Siku gani?"

Katibu: "Tisa Machi, hamsini na sita."

Ilisikika lori likirudi nyuma upande wa Bw. Fouracre, likapiga kelele zake, likanyamaza. Alisema: "Hiyo ndiyo siku niliyoitumia kupima kimo cha sakafu. Niliona ndogo, nikasema labda wazee wetu walikuwa wanatia chumvi kuhusu yale mafuriko."

Shangazi Noreen alisema kutoka alipokuwa ameketi kwamba hawakutia chumvi.

Bw. Fouracre alisema atazuia zege kwa simu na kung'oa vigingi kesho, lakini anahitaji barua ya kumwonyesha mkuu wake, na mkuu wake atauliza kwanza kosa ni la nani. Mwenyekiti alinyoosha mkono kuchukua simu. Katibu hakumpa. Alitaja jina lake, akalitaja tena kwa herufi moja moja, akasema barua itafika kabla ya saa kumi.

Bw. Fouracre: "Mama, wewe si ndiye uliyemfundisha mke wangu aljebra?"

Katibu alisema inawezekana. Bw. Fouracre alisema basi, anasubiri barua, na simu ikakatwa.

6.2 Barua iliandikwa na Bi. Hanrahan kwa maneno ya Katibu, ikasomwa mara mbili, ikapelekwa kwa mkono na Bw. Manolakis, ambaye alirudi baada ya dakika ishirini akisema vigingi anaviona kutoka barabarani, vina vitambaa vyekundu, ni vifupi mno.

KUMB. NA. 7/9: KUENDELEA NA HOJA YA MIWANI

7.1 Kwa kuwa Bi. Raman alikuwa na safari ya mwendo wa saa mbili, aliomba uamuzi wa miwani ufanywe kabla hajaondoka. Wajumbe walikuwa wamechoka na mjadala ulikuwa mfupi. Mwenyekiti aliondoa pendekezo lake la Jozi A. Jozi B ilikubaliwa kwa kauli moja, kila mjumbe apate nguvu inayolingana na umbali wa skrini yake, na Mwenyekiti asogeze kiti nyuma.

Bi. Raman aliuliza ziagizwe ngapi. Bw. Manolakis alisema sita. Katibu alisema tano. Hakuna aliyebisha. Ziliagizwa tano.

7.2 Bi. Raman alipokuwa akiaga alimshika Katibu bega na kumwambia afike kliniki kabla ya mwisho wa mwezi, kuna vifaa vya kusikiliza vitabu. Katibu alishukuru.

7.3 Shangazi Noreen alisema ana jambo moja la mwisho. Alisema yeye na Dulcie wataanza Narrawin Jumanne, na kwamba Una afike saa nne kama kawaida yake.

Katibu alikumbusha kwamba ameondolewa kwenye orodha ya wasomaji, na Shangazi Noreen mwenyewe ndiye aliyeunga mkono.

Shangazi Noreen: "Hujaja kusoma. Dulcie akimaliza ukurasa na mimi nikimaliza, nitakusomea wewe kwa sauti. Siku baada ya siku, na maneno ya pembeni. Miezi sabini na miwili yote. Utakaa kwenye kile kiti uzisikie namba za baba yangu moja moja mpaka ya mwisho."

Katibu aliuliza kama hiyo ni adhabu.

Shangazi Noreen alisema bado hajaamua.

Katibu alikubali kufika.

KUMB. NA. 8/9: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Hakukuwa na mwenye neno. Kikao kilimalizika saa saba na robo mchana.

Kumbukumbu hizi zilisomwa kwa sauti na Bi. Hanrahan mbele ya Mwenyekiti na Katibu siku ya Jumatatu, tarehe 20 Novemba, na hakuna neno lililoondolewa. Lile la lango, Mwenyekiti alisema libaki.

C. Treloar
MWENYEKITI

U. M. Pasfield
KATIBU